Mizani ya Katikati ya Mwaka

Mwezi wa sita ukiisha katika nchi yetu ya Lualaba, hesabu tatu hutufikia karibu kwa pamoja. Tarehe 30 Juni ni sikukuu ya Uhuru, na kila mwenye akili hujiuliza nchi imefanya nini tangu mwaka 1960. Siku chache baadaye shule hufungwa, na watoto hurudi nyumbani wakishika karatasi yenye asilimia zao. Hesabu ya tatu haina karatasi wala sikukuu. Nusu ya mwaka imekwisha kupita, na mtu, akiketi jioni karibu na mbabula kwa sababu ya baridi ya kiangazi, hukumbuka yale aliyojiwekea mwezi wa kwanza.

Alisema: mwaka huu nitamaliza nyumba, nitalipa deni la mjomba, nitaacha pombe, nitasali kila jioni pamoja na mke wangu na watoto. Sasa matofali yangali pale pale. Deni limepungua kidogo tu. Pombe aliiacha wakati wa Kwaresima, akairudia baada ya Pasaka. Basi huanza kujisema. Hujiita mvivu, mjinga, mtu bure. Na akiisha kujitukana hivyo, hujiwekea makusudi mapya, makubwa kuliko yale ya kwanza, kama bwana mkali amwongezeaye mzigo mtumwa aliyeanguka njiani.

Je, mtu ajihesabu hivyo? Wengi hudhani ndivyo ipasavyo, na tena hudhani kwamba kadiri unavyojipiga ndivyo unavyosema kweli juu yako. Mimi nasema sivyo. Nasema kwamba ukali wa namna hiyo ni aina ya uongo, nami nitajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na jambo lijulikanalo na kila mtu wa hapa. Mchimbaji mdogo akitoka shimoni na magunia yake, huyapeleka kwa wanunuzi, ambao wengi wamekuwa wakinunulia Musompo, nje ya mji wa Kolwezi. Huko magunia hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa uzito, kwa mizani ya mnunuzi. Kisha hupimwa ubora, yaani ni sehemu gani ya mawe yale iliyo kobalti au shaba yenyewe: mnunuzi huelekeza kwenye mawe kile chombo kidogo ambacho wachimbaji hukiita Metorex, na tarakimu huonekana. Mchimbaji hana mizani yake, wala hana chombo chake. Hupokea fedha kadiri ya tarakimu alizoonyeshwa. Kwa miaka mingi wachimbaji wamenung'unika kwamba mizani hupunguza na chombo hupunguza, na wachunguzi waliotoka nje wameyaandika manung'uniko hayo. Sina haja ya kuamua hapa ni mnunuzi yupi aliye mwaminifu na yupi asiye. Nataka tutazame jambo moja tu. Mchimbaji akikasirika, hakasiriki kwa kuwa amepimwa. Yeye mwenyewe ametoka mbali ili apimwe. Hukasirika kwa sababu kilo zilizokuwamo kweli katika gunia hazikuhesabiwa.

Sasa mtu huyo huyo akirudi nyumbani na kuipima roho yake, atatumia mizani gani? Mara nyingi hutumia ile ile aliyoilaani mchana. Ziko siku arobaini alizokaa bila pombe: hazihesabiwi, kwa sababu zilikatika. Uko usiku ule alipokesha hospitalini pamoja na mtoto mwenye malaria, akitafuta damu huku na huku: hauhesabiwi, kwa sababu haukuandikwa katika makusudi ya mwezi wa kwanza. Iko ile asubuhi alipomwona jirani aliyemtukana, akamsalimu: hiyo hata haikumbuki. Lakini matofali yasiyojengwa huyahesabu moja moja. Maandiko Matakatifu huichukia mizani ya hila, wala hayakusema kwamba inachukiza tu pale inapomwibia mtu mwingine. Mizani ipunguzayo ni ya uongo hata kama anayeibiwa ndiye mwenye mizani.

Pengine sisi watu wa migodi twaelekea kosa hili kuliko wakulima. Mkulima akivuna kidogo, huuliza kwanza habari ya mvua. Ajua tangu utoto kwamba si kila kitu kimo mkononi mwake. Sisi tumezoea tani. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, nayo ilijenga kambi, ikagawa posho, ikaandika kila mtu kwa namba yake, na kila mwaka ilitangaza imetoa shaba tani ngapi. Mali yake ilipotwaliwa na serikali mwaka 1967, na baadaye jina likawa Gécamines, desturi ile haikubadilika. Mtoto wa kambi alijua tani za mwaka kama mtoto wa mlinda lango wa mpira ajuavyo mabao.

Basi tazameni tani zenyewe zatufundisha nini. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Je, katika miaka minane watu wa Kolwezi walikuwa wamegeuka kuwa wavivu kiasi hicho? Hakuna asemaye hivyo. Mgodi wa Kamoto ulibomoka chini ya ardhi mwaka 1990. Mashine zilichakaa bila vipuri. Fedha zilichukuliwa na wakubwa pasipo kurudishwa. Siasa ikaharibika, na watu wakafukuzwa na kuchukiana. Mfanyakazi aliyeshika zamu yake kwa uaminifu mwaka 1986 alikuwa yule yule mwaka 1994. Hata hivyo, katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari (jina hilo lingestahili makala yake peke yake), wengi wao wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Ukizungumza na baadhi ya wazee katika kambi zetu za zamani, utasikia wakisimulia kuondoka kwao kwa sauti ya chini, kama mtu aungamaye. Waungama nini? Walipimwa kwa mizani isiyo yao, wakaisadiki.

Na tusidhani kwamba hayo ni mambo ya wazee tu. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 watu wengi wa Lualaba waliandika makusudi yao juu ya kobalti, kama kawaida, maana nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mwezi wa pili serikali ikasimamisha kupeleka kobalti nje kwa miezi minne, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka mno. Mwezi wa sita, watu walipokuwa wakingoja njia ifunguliwe, ikaongezwa miezi mitatu. Tangu mwezi wa kumi utaratibu wa mafungu, yaani kila kampuni na kiasi chake, ukachukua mahali pa katazo. Mtu aliyekusudia kununua pikipiki kwa fedha za kobalti kabla ya Julai 2025, naye asiinunue, akajiita mjinga: ujinga wake ulikuwa wapi? Hakuna nabii katika mtaa wake aliyemwambia habari hizo. Aliyejihesabu kwa haki angeandika: nilikusudia hivi, njia ikafungwa, katika miezi hiyo nilifanya hili na hili ili watoto wale. Pengine angeona kwamba miezi ile alifanya kazi ya akili na uvumilivu kuliko mwaka wo wote wa maisha yake.

Mtu atasema: haya ni maneno ya kuwafariji watu tu, hayana uzito. Yana uzito, wapenzi, tena uzito wa kufa na kupona. Tuseme yuko kijana aliyetoka Kasai, au ng'ambo ya Lubudi, akamwambia mkewe: nitarudi mwezi wa sita pamoja na mabati ya nyumba. Mwezi wa sita umefika, mabati hayapo. Kijana asema moyoni: siwezi kurudi mikono mitupu. Kwanza aacha kupiga simu, kwa maana aogopa swali moja tu. Kisha atafuta njia ya kufupisha aibu yake. Sheria ya nchi hairuhusu shimo la mchimbaji mdogo lipite meta 30. Yeye akubali kushuka katika lile ambalo wenzake wamelikataa, kwa kuwa husemwa kwamba chini yake mna mawe mazuri. Huko nyumbani mke hajui kama mumewe yu hai, naye kwa wakati huo ametoa mabati katika mawazo yake zamani. Alichokitaka ni sauti. Mkijiuliza ni kitu gani kilichomsukuma kijana yule, msiseme tamaa. Alikwisha kujihukumu mwenyewe, pasipo shahidi na pasipo mtetezi, na hukumu ilipotoka akaenda kuitimiza.

Tarehe 29 Juni, siku moja kabla nusu ya mwaka haijatimia, Kanisa huadhimisha sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Twapenda kumsifu Petro kama mwamba. Lakini kumbukeni ule usiku wa mateso. Usiku ule mitume wawili waliharibu kazi vibaya: Yuda alimwuza Bwana, na Petro alimkana mara tatu mbele ya watu wa kuota moto. Tena wote wawili waliona kosa lao. Kwa ukweli, Yuda ndiye aliyejihukumu kwa ukali zaidi: alirudisha fedha, akatamka waziwazi kwamba amekosa, kisha akajiua. Ikiwa ukali juu ya nafsi ndio kipimo cha toba, yeye angekuwa mfano wetu. Petro alilia sana; lakini alibaki karibu na wenzake, akakubali kuonekana nao, akarudi kuvua samaki pamoja nao.

Na Yezu Kristu alipomkuta kando ya ziwa, alimhesabu namna gani? Kwanza alikuwa amewasha moto na kuweka samaki juu yake, akawaita wale. Baada ya kula ndipo alipouliza. Hakuuliza: ulinikana mara ngapi? Hakuuliza: utaahidi kwamba hutarudia? Alimwuliza kama anampenda. Aliuliza mara tatu, hata Petro akahuzunika. Basi msidhani kwamba kosa lilifunikwa, kwa maana ile mara ya tatu ilimchoma mahali penyewe. Na kila mara alipojibu, alipewa kazi ya kuchunga. Hivi ndivyo mwenye haki yote alivyomhesabu mtu, naye ndiye aliyesema juu yake mwenyewe kwamba ni mpole na mnyenyekevu wa moyo. Mwezi wa sita, mwezi wa Moyo wake Mtakatifu, twamwomba aifanye mioyo yetu ifanane na wake. Ni ajabu basi kwamba, mwezi ukiisha, twajihukumu kwa moyo ambao yeye hakuutumia kwa Petro.

Najua neno litakalojibiwa, hasa na wazazi na walimu. Watasema: ukiwaambia watu wawe wapole kwa nafsi zao, watalala. Mlevi atasema, nimejihurumia, nipe chupa nyingine. Hofu hiyo si ya bure. Kwa hiyo yafaa kutenganisha mambo mawili. Madeni niliyo nayo kwa watu wengine hayapunguzwi na upole wangu juu yangu. Ikiwa nimempiga mke wangu, ikiwa nimewachelewesha mshahara vijana walionibebea magunia, ikiwa nimesema uongo ukamfukuzisha mtu kazini, siwezi kuketi kwenye mbabula na kujisamehe. Yule niliyemkosea ndiye mwenye neno. Niende kwake, niseme, nilipe. Na nikiwa Mkristu, niende pia kuungama. Lakini angalieni jinsi yanavyokuwa mambo kwa kweli: ni nani aendaye kwa mkewe na kusema, nimekukosea? Si yule ajiitaye takataka. Huyo hana nguvu ya kusimama, tena mara nyingi huwa mkali nyumbani, kwa sababu hawezi kuvumilia hata neno moja juu ya neno lile alilokwisha kujiambia. Mlevi ajichukiaye hunywa ili anyamazishe chuki hiyo. Anayeweza kulitazama kosa lake wazi ni yule asiyeogopa kuangamizwa nalo. Upole humpa mtu macho, kama vile mtoto asemavyo kweli mbele ya mama asiyeshika fimbo.

Katika Kolwezi iko kumbukumbu ya mtu aliyejifunza jambo hilo kwa shida. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Alijulikana duniani kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotolewa mwaka 1945, ambacho wenye elimu wangali wakibishana juu yake. Lakini watu wa migodi walimkumbuka kwa jambo jingine. Alisimulia mwenyewe kwamba kwa miaka mingi alihubiri na kuamuru kama bwana ajuaye yote, na watu walimsikiliza bila kuguswa. Mwishowe aliacha kuwapima watu kwa kipimo alichokuja nacho, akaanza kuwauliza: ninyi ni watu gani? Mwatamani nini ndani kabisa? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kambi ya Ruwe karibu na Kolwezi, swali hilo lilizaa kundi la Jamaa, ambamo mume na mke walikaa pamoja, wakaambiana mawazo yao, jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamelifanya tangu siku ya arusi. Walifundishana kwamba mtu hutamani vitu vitatu: uzima, uzazi, na mapendo. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafa mwaka 1977. Najua kwamba baadaye vikundi vingine vya Jamaa vilipotoka, na maaskofu wakalazimika kuvikemea. Lakini kupotoka kwao hakuliharibu swali la kwanza.

Nadhani maneno yale matatu yangefaa sana jioni ya katikati ya mwaka, kuliko orodha ya makusudi. Uzima: katika miezi hii sita ni wapi nilipopata nguvu, na ni nani aliyepata nguvu kwa sababu yangu? Uzazi: ni kitu gani kimezaliwa kwangu? Wala tusifikiri watoto tu; yuko aliyemfundisha kijana wa jirani kuchomelea vyuma, yuko aliyeanzisha bustani ya mboga nyuma ya nyumba, yuko aliyepatanisha ndugu wawili. Mapendo: nani alinipenda nami sikumshukuru? Maswali hayo hayana asilimia. Lakini ukiyajibu kwa kweli, makosa yako nayo yatatokea, kila moja kwa ukubwa wake.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyewafundisha wafuasi wake kutafuta moyoni adhuhuri na tena jioni, hakudharau hesabu. Aliagiza hata kuandika alama kwa kila kosa, ili mtu alinganishe siku na siku. Lakini katika utaratibu wake jambo la kwanza kabisa ni kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea. Dhambi hutafutwa baadaye. Naye Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye kitabu chake juu ya maisha ya ibada kilitoka mwaka 1609, aliwashauri watu wa nyumbani, wenye kazi na watoto, wajichunguze upya kila mwaka. Na katika kitabu hicho hicho aliweka sura nzima juu ya upole kwa nafsi zetu. Aliona kwamba anayekasirikia hasira yake amekuwa na hasira mbili.

Kwa hiyo, wapenzi, anayetaka ajaribu hivi. Achague jioni moja kabla Julai haijaendelea. Mume na mke waketi pamoja, watoto wakiisha kula. Kila mmoja amtajie mwenzake jambo moja jema aliloliona kwake tangu mwezi wa kwanza. Hilo ni gumu kuliko mnavyodhani, na wengine watacheka kwa haya. Kisha waseme yaliyoanguka bila mkono wao: bei, ugonjwa, umeme, barabara. Kisha kila mmoja aseme kosa lake mwenyewe, kwa jina lake, bila kuongeza matusi. Na asiseme la mwenzake. Mwisho wachague jambo moja tu kwa miezi sita iliyobaki, nalo liwe dogo. Ikiwa mtoto ameleta asilimia 48, aitwe naye akae karibu na moto, aulizwe kwanza ni somo gani lililompendeza. Habari ya hesabu yaweza kungoja kesho mchana, pamoja na kalamu.

Na yule aliye mbali na nyumbani, huko kwenye mashimo, ambaye mabati yake hayajanunuliwa, apige simu Jumapili hii. Kama hana salio, aazime simu ya mwenzake. Dakika mbili zatosha kusema kwamba yu mzima, na kuuliza kama mtoto ameanza kutembea.